Uzamili wa Sheria ya Ushuru Ukiwa Kisumu, Nakuru au Magharibi: Mwongozo Kamili

Kabla hujafungua tovuti ya chuo chochote, amua ni faili gani ungependa kuikuta mezani pako miaka mitano ijayo. Wakili anayebishana na Kamishna wa mamlaka ya ushuru mbele ya Jopo la Rufaa za Ushuru, mshauri anayeishughulikia kampuni ya maua ya Naivasha inayouza Uholanzi, na mwanasheria wa kaunti anayeandika mswada wa fedha kila mwaka wote wanafanya kazi ya ushuru. Hata hivyo, shahada inayomfaa mmoja inaweza kumlia mwenzake karo na muda bure. Wengi hujikwaa hapa: huchagua nchi, kisha chuo, na kazi huja kuifikiria deni likiwa tayari mgongoni.

Jua pia kile ambacho shahada hii haifanyi. LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, haikufanyi wakili. Njia ya uwakili Kenya ni ileile: shahada ya kwanza ya sheria (LLB), mafunzo ya Kenya School of Law, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, kipindi cha kufanya kazi chini ya wakili mzoefu, kisha kuapishwa. Wala huhitaji uzamili ili kumsaidia mteja kupinga makadirio ya ushuru. Ajenti wa ushuru aliyeidhinishwa hufanya kazi hiyo kila siku bila LLM. Na kama unachotaka ni kujaza ritani, kusawazisha hesabu za VAT na kuhakikisha duka la jumla la Kondele halipigwi faini, achana na LLM. CPA, sifa ya kitaaluma ya uhasibu, au stashahada ya uzamili ya usimamizi wa ushuru ya KESRA, chuo cha mamlaka ya ushuru (KRA), itakufikisha kwa haraka na kwa pesa chache.

LLM ya ushuru inamfaa mtu anayetaka kubishana juu ya maana ya sheria: kesi kubwa, mikataba ya kimataifa, bei ambazo kampuni dada huuziana, katiba na ushuru, au kuandika sera na kufundisha.

Aina za shahada, na ipi ya nani

Hapa pana mambo mengi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwa kawaida LLM za Kenya ni za sheria kwa jumla. Utaalamu wako unatokana na kozi utakazochagua na tasnifu utakayoandika. Hilo si kasoro kwa mtu anayelenga mahakama za hapa. Utasoma sheria utakayoitumia, utaandika juu ya kesi za Kenya, na unaweza kuendelea na kazi huku unasoma. Kasoro yake ni moja: kozi ya ushuru inaweza kuwa kwenye kijitabu cha programu lakini isifundishwe mwaka wako kwa sababu waliojisajili ni wachache au mhadhiri hayupo. Kwa hivyo usiulize ofisi ya usajili kama kozi ipo. Iulize idara maswali matatu: ilifundishwa lini mara ya mwisho, nani aliifundisha, na ni msimamizi yupi yuko tayari kusimamia tasnifu ya ushuru. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Anayeishi Kisumu au Kakamega aulize swali la nne: masomo ni ya jioni, ya wikendi au ya vipindi vya likizo? Programu ya jioni iliyoko Nairobi maana yake ni kuhama. Ya wikendi maana yake ni basi la Ijumaa usiku na kurudi Jumapili, kwa miezi mingi, na hiyo nauli ni sehemu ya karo hata kama haiko kwenye orodha ya chuo.

Afrika Kusini, vyuo kama Pretoria na Cape Town hufundisha ushuru katika kiwango cha uzamili, na Pretoria kuna African Tax Institute. Mwaka wao wa masomo huanza mapema, takriban Februari, jambo linalowatatiza Wakenya waliozoea Septemba. Kumbuka kwamba tangu 2001 Afrika Kusini humtoza mkaazi wake ushuru kwa mapato ya dunia nzima, ilhali Kenya hutoza hasa mapato yanayotokana na nchi au yanayopatikana humu. Utajifunza fikra nzuri, lakini vifungu utajifunza upya ukirudi.

Uholanzi na Austria ndiko kwa wale wanaotaka ushuru wa kimataifa. Leiden ina LLM ya juu ya sheria ya ushuru wa kimataifa, Amsterdam ina ya kwake inayoendeshwa pamoja na IBFD, kituo cha utafiti wa ushuru wa kimataifa, na chuo cha uchumi na biashara cha Vienna kina LLM ya aina hiyo, ya mwaka mmoja kwa muda wote au miwili kwa muda wa ziada. Hizi hazifundishi sheria ya nchi moja. Zinafundisha mikataba ya kuepuka ushuru mara mbili, kifungu kwa kifungu, na kanuni za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea. Kenya ina mikataba ya namna hiyo na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Kanada, India, Afrika Kusini na nyingine kadhaa, kwa hiyo unachosoma Leiden unakitumia Nairobi kesho yake.

Uingereza, Queen Mary mjini London ina LLM ya sheria ya ushuru. Oxford ina MSc ya ushuru, ya muda wa ziada kwa miaka miwili, unayoifanya ukiwa kazini na kwenda huko kwa vipindi vifupi. Sheria yetu ya ushuru ina mizizi ya Kiingereza, na majaji wetu bado hunukuu kesi za huko, ikiwemo Cape Brandy ya 1921 juu ya kusoma sheria ya ushuru kwa maneno yake tu, bila kudhania wala kuongeza. Kwa hivyo mwaka wa London haupotei.

Marekani inahitaji tahadhari. NYU, Georgetown, Florida na Northwestern zina LLM za ushuru zenye sifa kubwa, na NYU imekuwa ikifundisha programu hii tangu miaka ya 1940. Lakini LLM ya ushuru ya Marekani, ile ya kawaida, imejengwa juu ya kanuni ya ushuru ya nchi hiyo, na imetengenezewa mwanasheria atakayefanya kazi huko. Karo ya NYU peke yake inapita dola 70,000 kwa mwaka. Ukitoka Nakuru ukasoma kwa kina jinsi Marekani inavyotoza ushuru ubia wa biashara, ukirudi utakuwa na maarifa yasiyo na mteja. Kama ni lazima Marekani, chagua programu ya ushuru wa kimataifa, ambayo baadhi ya vyuo hivyo hutoa kando.

Kuna njia ya mtandaoni ambayo watu wa magharibi mwa Kenya huisahau. Chuo Kikuu cha London kina LLM ya kusoma ukiwa popote, iliyogawanywa katika moduli, na sheria ya ushuru ni mojawapo ya utaalamu unaoweza kuchagua. Unalipa moduli kwa moduli, na ukikwama katikati unaweza kutoka na cheti au stashahada ya uzamili. Kwa wakili mwenye ofisi Kisumu na watoto shuleni, hii mara nyingi ndiyo inayokamilika. Nyingine ni ADIT, stashahada ya juu ya ushuru wa kimataifa ya Chartered Institute of Taxation ya Uingereza: si LLM, ni mitihani mitatu unayojisomea mwenyewe, lakini kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu zinaiheshimu.

Miezi sita ya kujiandaa

Wanasheria wengi waliikimbia hesabu wakachukua sheria. Ushuru unawarudisha. Huwezi kubishana kama gharama fulani ilitumika kabisa kwa ajili ya kutafuta mapato ikiwa hujui gharama hiyo iko wapi kwenye taarifa ya faida na hasara. Kabla ya kuomba nafasi, jifunze kusoma taarifa tatu: ya faida na hasara, mizania, na mtiririko wa fedha. Hatua za mwanzo za CPA ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, zinatosha. Taasisi zinazofundisha ziko Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kakamega, na nyingi zina masomo ya jioni. Huhitaji kumaliza CPA yote. Unahitaji kufika mahali ambapo uchakavu wa mali na ushuru ulioahirishwa havikutishi.

Upande wa sheria, fungua tovuti ya Kenya Law, ambayo ni ya bure, na usome kwa mpangilio huu. Anza na Katiba: kifungu cha 201, 209 na 210. Kisha Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura 470: kifungu cha 3 kinachotoza, cha 15 kinachoruhusu gharama, cha 16 kinachozikataa, cha 18 kuhusu biashara kati ya kampuni zenye uhusiano, cha 35 kuhusu ushuru unaokatwa kwenye chanzo, na Jedwali la Pili na la Tatu. Halafu Sheria ya VAT ya 2013, na Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015, hasa kifungu cha 31 kinachomzuia Kamishna kurekebisha makadirio baada ya miaka mitano isipokuwa pale penye ulaghai au uzembe wa makusudi, na cha 51 kinachompa mlipa ushuru siku 30 kuwasilisha pingamizi. Malizia na Sheria ya Jopo la Rufaa za Ushuru ya 2013, kifungu cha 13: taarifa ya rufaa ndani ya siku 30, na hoja zenyewe ndani ya siku 14 zinazofuata.

Usisome nakala ya zamani uliyoipakua mwaka juzi. Sheria za ushuru hubadilishwa karibu kila mwaka na Sheria ya Fedha, na mara nyingine katikati ya mwaka, kama ilivyotokea Desemba 2024. Mwombaji anayetaja ushuru wa huduma za kidijitali kana kwamba bado upo anajianika, maana nafasi yake ilichukuliwa na ushuru wa uwepo mkubwa wa kiuchumi.

Kisha soma hukumu. Anza na tatu ambazo kila mtu wa ushuru Kenya anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni Unilever Kenya ya 2005, ambapo Mahakama Kuu ilikubali miongozo ya OECD kwa sababu Kenya haikuwa na kanuni zake za bei za kampuni dada. Kanuni hizo zikatungwa 2006. Ya pili ni ile ya ushuru wa chini kabisa, uliotupwa na Mahakama Kuu ya Machakos Septemba 2021 baada ya wenye baa wa Kitengela kwenda kortini, na Mahakama ya Rufaa ikaafiki. Ya tatu ni mvutano wa Sheria ya Fedha ya 2023: Mahakama ya Rufaa iliifuta yote 31 Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikairejesha 29 Oktoba mwaka huohuo. Baada ya hizo, soma maamuzi kumi ya Jopo la Rufaa, ya karibuni, na kwa kila moja andika ukurasa mmoja: ukweli, kifungu, hoja ya Kamishna, hoja ya mlipa ushuru, na mahali unapoona Jopo lilikosea. Kurasa hizo kumi ndizo zitakazozaa barua yako ya maombi na pengine tasnifu yako.

Muda: hesabu kutoka mwisho kuja mwanzo

Chukua mfano wa mtu anayetaka kuanza Uingereza au Uholanzi Septemba. Mwaka mmoja na nusu kabla, yaani Machi ya mwaka uliotangulia, awe ameanza kusoma hesabu na hukumu. Kufikia Julai awe na pasipoti mkononi na nakala rasmi za matokeo ya chuo. Agosti ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, kwa kawaida hufunguliwa, na hufungwa Oktoba au mapema Novemba. Maombi ya vyuo vingi huenda sambamba na hayo hadi majira ya Januari na Machi. Usingoje siku ya mwisho, maana programu ndogo za ushuru hujaa mapema. Mei na Juni ni kukusanya pesa na uthibitisho wake. Julai ni viza.

Uanze lini katika maisha yako ya kazi? Maoni yetu ni haya: maliza Kenya School of Law, fanya kazi angalau miaka miwili, kisha uombe. Chevening hudai saa 2,800 za kazi, zikiwemo za muda na za kujitolea. Lakini hata kama hakuna anayezidai, mwanafunzi aliyewahi kushika faili ya pingamizi anaelewa darasani mambo ambayo aliyetoka moja kwa moja LLB anayakariri tu.

Hati, na jinsi zinavyokwama

Majina kwanza. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, kitambulisho kinasema vile, cheti cha KCSE kimeacha jina moja, na cheti cha LLB kimebadilisha mpangilio. Chuo cha nje kitauliza, na ofisi ya viza itauliza zaidi. Panga hati zako zote mezani leo na uzilinganishe herufi kwa herufi. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo; jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Pasipoti iandikwe kama cheti cha shahada au kinyume chake, lakini zifanane kabla hujatuma ombi lolote.

Pasipoti unaiomba kupitia eCitizen, na alama za vidole unaweza kutoa Kisumu, Nakuru, Eldoret au Kisii bila kwenda Nairobi.

Nakala za matokeo huchelewa kuliko unavyodhani. Vyuo huzitoa baada ya kuthibitisha huna deni la karo, la maktaba wala la hosteli, na kila ofisi ina mhuri wake. Omba nakala kadhaa zilizofungwa kwenye bahasha rasmi kwa mkupuo mmoja, na uliza kama chuo kinaweza kutuma kwa barua pepe moja kwa moja. Vyuo vya sheria vya Marekani hupenda zipitie kwa shirika la LSAC, ambalo huzipokea kutoka chuoni peke yake. Ukizituma wewe, hazihesabiki.

Barua za mapendekezo zina mtego mdogo unaokwamisha wengi: mifumo ya vyuo vya nje huwataka wapendekezaji wajaze wenyewe kwa anwani ya barua pepe ya taasisi. Mhadhiri au jaji akitumia anwani ya kawaida ya Gmail, ombi lako linaweza kusimamishwa wakitafuta uthibitisho, na wewe huambiwi chochote. Muulize mapema: "Mwalimu, naomba utumie anwani ya chuo." Mpe wiki sita, mpe ukurasa mmoja wa kazi ulizofanya chini yake, na umkumbushe kwa adabu wiki mbili kabla. Mpendekezaji mmoja awe wa darasani, mwingine wa kazini. Barua ya mwanasiasa wa nyumbani haisaidii kitu.

Kiingereza: vyuo vingine humsamehe Mkenya aliyesoma LLB kwa Kiingereza, vingine havisamehi. Andika barua pepe uulize kabla ya kulipia mtihani wa Kiingereza wa IELTS, na kumbuka matokeo yake hudumu miaka miwili. LLM za sheria hupenda alama 7.0 au karibu, na kinachowaangusha Wakenya ni sehemu ya kuandika, mara nyingi kwa kutofuata muda.

Barua ya maombi

Hii ndiyo sehemu unayoweza kuitawala kikamilifu, na ndiyo inayoandikwa vibaya zaidi. Barua nyingi huanza na maneno ya aina hii: tangu utotoni nimependa haki, na ningependa kuchangia maendeleo ya nchi yangu kupitia sheria ya ushuru. Msomaji wa Leiden ameisoma sentensi hiyo mara nyingi mno. Haisemi chochote kuhusu ushuru wala kuhusu wewe.

Linganisha na mwanzo wa namna hii: lori linalobeba miwa, viazi au samaki likivuka mpaka wa kaunti hutozwa sesi, tozo ya kaunti kwa mazao. Katiba, kifungu cha 209(3), inaruhusu kaunti kutoza ushuru wa ardhi na majengo, wa burudani, na mwingine wowote ulioidhinishwa na Sheria ya Bunge. Tozo nyingine zote lazima zisimame kama malipo ya huduma chini ya 209(4). Swali langu ni huduma ipi lori hilo limepewa, na mahakama zinatumia kipimo gani kutenganisha ushuru na malipo ya huduma. Sentensi chache, na msomaji ameshajua kwamba umesoma sheria, una swali, na unatoka mahali fulani. Baada ya hapo taja kozi mbili za programu yao kwa majina na ueleze zitakusaidiaje kulijibu. Funga na kazi utakayorudi kuifanya. Ukurasa mmoja na nusu, usizidi viwili.

Mada ya tasnifu isiyokwama

Watu wa magharibi wana bahati wasiyoiona: mada za ushuru zimewazunguka. Vituo vya pamoja vya mpakani Busia na Malaba ni maabara ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Kurejeshewa VAT kwa wauzaji wa maua wa Naivasha, ambao mauzo yao ya nje yana kiwango cha sifuri, ni mada yenye mabilioni ndani yake. Sheria ya Sukari ya 2024 imerejesha tozo ya maendeleo ya sukari, na viwanda na wakulima wa Nyando, Mumias na Nzoia wako katikati yake. Sheria ya Kitaifa ya Ushuru wa Ardhi ya 2024 imechukua nafasi ya sheria za zamani, na miji ya Kisumu na Nakuru italazimika kuishi nayo. Ushuru wa mauzo wa asilimia 3 kwa biashara zinazouza zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka unawagusa wafanyabiashara wa soko lolote kubwa.

Lakini chagua kwa kuangalia data. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru kinamlazimu afisa wa KRA kuficha habari za mlipa ushuru. Ukipanga tasnifu itakayotegemea mafaili ya kampuni zilizotajwa kwa majina, utanyimwa, na itakuwa haki yao kukunyima. Jenga kazi yako juu ya vitu vilivyo wazi: hukumu, maamuzi ya Jopo, kumbukumbu za Bunge, Sheria za Fedha za kaunti, na mikataba. Mahojiano ni sawa, ila utahitaji kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, kabla ya kumhoji mtu wa kwanza, na chuo kitadai idhini ya maadili kabla ya kibali hicho. Wanaofanya kinyume hulazimika kurudia mahojiano.

Swali liwe jembamba. "Ushuru na maendeleo Kenya" si mada. "Je, sesi ya mazao ya Kaunti ya Bungoma ni ushuru au malipo ya huduma chini ya kifungu cha 209?" ni mada; inaweza kujibiwa, na jibu lake linaweza kupingwa.

Pesa

Andika orodha yako mwenyewe, kwa safu mbili: ya lazima kulipwa kabla ya kuondoka, na ya baada ya kufika. Karo ndiyo inayoonekana. Zisizoonekana ni ada za maombi, amana ya kushikilia nafasi, IELTS, viza, kipimo cha kifua kikuu, bima, nauli ya ndege na miezi miwili ya kodi ya nyumba. Uingereza pekee, tozo ya huduma ya afya kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, na hulipwa yote kwa pamoja ukiomba viza. Marekani, ada ya SEVIS, mfumo wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 kabla hata hujafika kwenye mahojiano.

Mtego unaowanasa wanaochangiwa na jamaa na marafiki ni huu: Uingereza inataka pesa za matumizi ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na taarifa ya benki isiwe na zaidi ya siku 31 unapoomba. Akaunti iwe yako, au ya mzazi pamoja na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Pesa zilizoko kwa mjomba hazihesabiwi, hata kama ndiye aliyeahidi kukusomesha. Harambee ifanyike mapema kiasi kwamba shilingi ya mwisho iingie siku 28 kabla ya kuomba. Ikiingia wiki moja kabla, unaanza kuhesabu upya.

Vipimo vya kifua kikuu kwa viza ya Uingereza hufanywa na IOM Nairobi, na alama za vidole za viza hutolewa Nairobi pia. Panga miadi yote miwili kwa safari moja, la sivyo utalala njiani mara mbili.

Kuhusu ufadhili, Chevening hukuruhusu kuomba kozi tatu, na hukutaka uwe na barua ya kukubaliwa isiyo na masharti kufikia Julai. Ukimaliza unarudi Kenya kwa miaka miwili. Jumuiya ya Madola ina ufadhili wake, na huko eleza wazi faida kwa nchi. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ina mikopo kwa wanaosoma uzamili, ikiwemo wale wenye mshahara. Kama umeajiriwa, iombe likizo ya masomo kwa maandishi na usome mkataba: waajiri wengi hukufunga kurudi kwa miaka kadhaa, na ukiondoka mapema unalipa. Mkataba huo si mbaya, ila ujue thamani yake kabla ya kutia saini.

Ukirudi

Shahada ya nje inahitaji kutambuliwa kama unaomba kazi serikalini au kufundisha. Tangazo la kazi au barua ya mwajiri ndiyo itakayokuambia kama wanataka barua ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu au ya KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu. Usilipie mahali pabaya. Kwa vyovyote, toka chuoni na maelezo ya kozi zote ulizosoma, nakala rasmi ya matokeo, na barua inayosema programu ilichukua muda gani na kama ulisoma darasani au mtandaoni. Hifadhi pia kurasa za pasipoti zenye mihuri. Kutafuta karatasi hizi miaka mitatu baadaye kutoka Kisumu, idara ikiwa imebadilisha jina, ni taabu.

Kwa anayerudi kwenye ofisi binafsi, kesi nyingi za Jopo siku hizi husikilizwa kwa mtandao, kwa hiyo huhitaji kuhamia Nairobi. Unachohitaji ni intaneti imara, mhasibu mnayeaminiana, na orodha ya tarehe za mwisho iliyobandikwa ukutani, kuanzia siku mteja alipopokea barua ya Kamishna. Wateja huja na barua hiyo ikiwa tayari na wiki tatu, imekunjwa mfukoni.

Na usiache kuandikisha uajenti wa ushuru KRA kama utakuwa unawashughulikia wateja kwenye mfumo wa iTax. Ombi hilo linataka cheti chako cha kufuata sheria za ushuru, kwa hiyo jaza ritani zako mwenyewe kwanza, hata za miaka uliyokuwa ng'ambo bila mapato. Ritani ya sifuri isiyojazwa ina faini yake.